Malalamiko Rasmi Kuhusu Bihogo, Ng'ombe wa Udaktari Wangu

Gitega, Kigali
Tarehe 20 Agosti 1990

Kwa Mheshimiwa Mjomba Rutayisire,
Gereji ya Malori,
Gatsata

YAH: KUKUOMBA UMCHUKUE NG'OMBE WAKO

Mjomba wangu mpendwa na mwenye kuheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na mafundi wa gereji hawajakuudhi zaidi ya kawaida yao. Sisi huku Gitega tu wazima sote: mimi, Mama, mwenye nyumba wetu Athanasie na watoto wake, pamoja na huyo ambaye ndiye sababu ya mimi kushika kalamu.

Utajiuliza kwa nini naandika, wakati kutoka kwangu hadi kwako ni kushuka Nyabugogo na kupanda tena kidogo. Naandika kwa sababu jambo hili ni rasmi. Nikija kwa miguu utanipa kiti, utaagiza niletewe soda, utaniuliza Bihogo hajambo, nami nitajikuta nasema hajambo sana, anakusalimu. Nimeshakuja kulalamika kwa namna hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara nimerudi nyumbani nimeshiba soda bila kulalamika.

Utajiuliza pia kwa nini Kiswahili. Mjomba, Kinyarwanda nimekijaribu nikashindwa, kwa kuwa lugha yetu haina maneno ya kumlalamikia ng'ombe. Nikiandika kwamba ana macho makubwa yanayonikodolea nikiwa nakula, tayari nimemsifu. Nikiandika kwamba pembe zake zinaziba njia ya watu, nimemsifu zaidi. Nilipomsomea Mama rasimu ya kwanza alifuta machozi, akasema hajasikia ng'ombe akisifiwa vizuri namna hiyo tangu baba yake afariki. Kwa Kifaransa ungempelekea padri akusomee, na padri mwenyewe ni mmoja wa wale waliopiga makofi siku nilipopewa ng'ombe huyu. Kimebaki Kiswahili, ulichonifundisha wewe ndani ya lori lako kwenye barabara ya Mombasa, lugha ambayo tuliitumia kulalamika juu ya mashimo, matairi na askari wa mpakani kutoka asubuhi mpaka jioni, na haikuwahi kutuishia.

Naomba kwanza tukumbushane hali ilivyo. Mwezi wa tano nilimaliza udaktari wangu kule Ubelgiji. Tasnifu yangu, yenye kurasa zaidi ya mia nne, inathibitisha kwa majedwali kwamba desturi yetu ya kupeana ng'ombe ni hasara kwa kaya yenye shamba dogo, na kwamba yafaa iachwe, polepole na kwa heshima. Majaji waliikagua ukurasa kwa ukurasa wasipate pa kunishika. Profesa wangu ameniandikia kwamba ana nafasi ya utafiti kwa ajili yangu, miaka miwili, katika ofisi yenye joto na dirisha, na kwamba anataka jibu kabla mwezi huu haujaisha. Kwa upande mwingine, kuna mradi mmoja wa mifugo hapa Kigali ambao nao unanitaka. Kwa hiyo niko kwenye njia panda, na nilikusudia nikae mahali pa kimya nifikiri juu ya maisha yangu kama msomi anavyopaswa kufikiri. Mahali pa kimya hapo sasa pana ng'ombe.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu jinsi nilivyopewa.

Unaikumbuka Jumapili ile uliyonifanyia sherehe uani kwako. Kameruni walikuwa wametolewa kwenye Kombe la Dunia siku chache tu kabla, na Kigali nzima ilikuwa inatafuta kitu cha kushangilia. Wageni walipokwisha kunywa vya kutosha, pombe ya mtama kwa wazee na ya ndizi kwa wasio na subira, Mama alinisihi nisimame niwaeleze watu nilichosoma. Nikasimama. Nikaongea juu ya ng'ombe. Nikaeleza thamani yake, malisho yake, mapenzi ya watu kwake, kisha nikaanza kuzunguka taratibu kuelekea kwenye hitimisho langu, kwa maneno laini, maana kulikuwa na wazee na sikutaka kuwaumiza.

Nilipokosea ni hapo pa kuzunguka. Ulaya ilikuwa imenisahaulisha jambo ambalo hata mtoto wa hapa analijua: mtu akisimama mbele ya mwenye ng'ombe, akaongea juu ya ng'ombe kwa muda mrefu bila kuomba kitu, huyo anaomba ng'ombe. Niliona wazee wakitikisa vichwa, nikadhani wananifuata. Nilikuona wewe ukifuta macho, nikadhani imekugusa ile sehemu ya mmomonyoko wa udongo. Nilipofika kwenye jedwali la hasara ukauweka mrija wako chini, ukanyanyuka, ukasema mbele ya watu wote: "Inatosha mwanangu, nimekusikia. Nakupa Bihogo, na ana mimba."

Ua ukalipuka kwa vigelegele. Hitimisho langu halijasikika mpaka leo. Mjomba, nilikuwa nawaambia watu waache kupeana ng'ombe, na nimepewa ng'ombe kwa kuwa nimelisema hilo vizuri.

2. Kuhusu kiapo.

Najua kwamba mtu akipewa ng'ombe huapa kwa jina la aliyempa. Akishangaa, akifurahi, akiahidi kitu, husema "Yampaye inka Rutayisire!" ili dunia ijue kwamba Rutayisire alimpa ng'ombe. Ni desturi nzuri kwa wanaoipenda. Mimi ni mtu wa sayansi. Nikishangaa nasema "ajabu".

Mama hakubaliani na "ajabu" yangu. Sufuria ikianguka jikoni ananigeukia na kunitazama mdomoni, anangoja. Mvua ikinyesha ghafla anangoja. Juzi nyoka aliingia ndani, na badala ya kukimbia Mama alisimama akinitazama kwa matumaini. Nikasema "ajabu" nikatafuta fimbo. Alishusha pumzi kwa huzuni hadi nikamwonea huruma yule nyoka. Hata Hakizimana, mkuu wa mtaa wetu, alikataa kuamini kwamba ningehudhuria umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa ya Jumamosi, mpaka niape kama watu. Nikamwapia kwa jina la kitivo changu, hakuridhika.

Napenda kukuhakikishia kwa maandishi, na kwa sahihi yangu, kwamba kiapo hicho hakijatoka kinywani mwangu hata siku moja, wala hakitatoka.

3. Kuhusu pembe.

Gitega unaifahamu. Jirani akipiga chafya, watu wa nyumba tatu wanamwambia pole. Bihogo alipofika kwa miguu kutoka kwenye zizi lako la Shyorongi, akiwa na wachungaji wako wawili na kundi la watu waliomfuata njiani bila sababu, kichochoro chetu kilizikataa pembe zake. Walijaribu kumwingiza mbele, wakajaribu kinyumenyume, wakajaribu kumshawishi ainamishe shingo upande mmoja kama mtu anayepita na ngazi. Mimi nilikuwa nimetulia kabisa, kwa sababu tumaini langu lote lilikuwa kwa Athanasie. Yeye ndiye mwenye nyumba, hanisalimu ovyo, na katika mkataba wangu amekataza hata kuku.

Athanasie akatoka, akamtazama Bihogo kutoka kwato hadi pembe. Nikamkumbusha juu ya kuku. Akanijibu: "Kuku iko uchafu, Docteur. Ng'ombe, ile ni mugeni." Akaingia ndani, akatoka na jembe, akabomoa kona ya jiko lake mwenyewe ili mgeni apite. Tangu siku hiyo anapikia kwenye chumba nilichokuwa nimekitenga kiwe ofisi yangu. Ukiona herufi zangu zimeyumba mahali fulani, ni moshi wa maharage.

Halafu kuna jambo la chokaa. Kama unavyojua, mji mzima unapakwa rangi kwa sababu Baba Mtakatifu anakuja mwezi ujao, na Hakizimana alitupa kazi ya kupaka chokaa kuta zote za upande wa barabara. Tulipaka vizuri. Kabla hazijakauka, Bihogo aliegemea ukuta kwa ubavu mzima, akajikuna kwa raha zake kuanzia begani hadi mkiani. Sasa ukimtazama kutoka kwa Athanasie ni ng'ombe mwekundu, ukimtazama kutoka barabarani ni mweupe, na tumeshapata wageni waliokuja kuwaona ng'ombe wawili. Hakizimana alifika amefura kwa hasira: "Docteur, ng'ombe yako imeiba chokaa ya Papa!" Nilimtaka radhi, nikamwambia yuko huru kunipeleka kwa wakubwa, amkamate ng'ombe, amtaifishe. Nilimsihi. Akamsogelea ili amkague, akaanza kumkuna shingoni, na giza lilipoingia alikuwa bado anamkuna. Mashtaka yamefutwa.

4. Kuhusu kazi.

Nilikwenda kwenye usaili wa ule mradi wa mifugo. Nilivaa suti, nikabeba tasnifu. Mkurugenzi aliniuliza swali la kawaida tu, nimekuwa nikifanya nini tangu nirudi, na mimi kwa uchovu nikamwambia ukweli. Nilisema nina ng'ombe.

Tasnifu ikasogezwa pembeni, juu yake ikawekwa sahani ya karanga. Waliniuliza ni wa rangi gani, nikawaeleza kwamba inategemea umesimama wapi. Waliuliza ametoka kwa nani, pembe zake zimeinuka au zimelala, mimba yake ina miezi mingapi. Mkurugenzi akawaita makarani waje wasikilize, na makarani wakamwita dereva. Nimetoka pale nimepewa kazi, naanza mwezi wa kumi nikikubali, na hakuna hata mmoja aliyekifungua kitabu walau aangalie michoro.

Mjomba, najua watu wengi wangefurahi. Mimi nataka kuajiriwa kwa sababu ya kichwa changu. Nyumbani nako si afadhali. Mama amekifunika kitabu kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa ameweka gudulia la maziwa, tupu, linalomngoja Bihogo azae. Nakiri kwamba ni mara ya kwanza mtu kupata matumizi ya kitabu hicho, lakini si matumizi niliyowaahidi majaji.

5. Kuhusu asubuhi.

Hili ni zito, naomba ulisome umekaa.

Siku niliyotetea tasnifu, majaji walinipa mkono, Profesa akawahi treni yake, nikatoka nje nikiwa daktari. Mvua ya manyunyu ilikuwa inanyesha. Hakukuwa na mtu. Nilinunua viazi vya kukaanga kwenye karatasi, nikavila nimesimama chini ya mti wa watu wengine, na vilikuwa na chumvi nyingi. Kesho yake niliamka mapema kama kawaida, nikakuta hakuna kitu cha kuamkia. Kwa miaka yote ile tasnifu ilikuwa kama ndugu mkorofi ninayeishi naye chumba kimoja: nililala nikimlaani, nikaamka nikimlaani. Alipohama, chumba kikawa kimya hadi nikaogopa. Sikumwambia mtu yeyote, maana watu walikuwa wananipongeza.

Nilirudi Kigali na kimya hicho moyoni, na nilikuwa nimekipangia mwezi mzima wa Agosti. Nilikusudia kukaa kitini na kujiuliza mimi ni nani sasa, na mtu anafanya nini baada ya kufika alikokuwa anakwenda. Ni haki ya mtu aliyesoma. Lakini alfajiri Bihogo analia. Akilia yeye, Athanasie anagonga. Akigonga Athanasie, Mama anasema "Viateur, mwana wa watu ana njaa," na huyo mwana wa watu ni ng'ombe. Basi nateremka hadi bondeni Nyabugogo, nakata majani, napanda nayo kichwani kupitia kwa akina mama wauza mboga, ambao sasa wote wananijua na kuniuliza mimba imefika wapi. Nikishamlisha, nikafagia, nikaoga, nikala, jua limeshapanda na sijajiuliza hata swali moja.

Usiku ndio mbaya zaidi. Nalala. Ile hofu niliyokuja nayo kutoka Ulaya, niliyokuwa nimeizoea na niliyokusudia kuiandikia makala, imepotea na sijui nilipoiacha. Nimeitafuta. Mjomba, nani atanilipa hasara hiyo?

6. Kuhusu sura ya saba.

Katika sura ya saba ya tasnifu nimeorodhesha faida zote za ng'ombe wa zawadi, na zile zisizopimika nimezipa sifuri. Majaji waliusifu sana ukali wa ile sifuri.

Sasa tazama. Athanasie, ambaye zamani alinisalimu siku ya kodi tu, ananiletea maganda ya ndizi kila jioni. Maganda mengine yanatoka nyumba ambazo sikuwa nazijua. Waliotoa maganda wanachukua samadi kwa ajili ya vibustani vyao, waliochukua samadi wanaleta maharage, na mzee mmoja ambaye hana maganda wala bustani ameleta kiti chake tu, anakaa. Na Mama, ambaye nilipokuwa Ulaya alishinda mlangoni peke yake akihesabu wapita njia, sasa ana watu kuanzia asubuhi mpaka jioni, anabishana, anacheka, anawafundisha wanawake wa mtaa jinsi ya kumtuliza ng'ombe mwenye mimba. Goti lake lililokuwa likimuuma halitajwi tena. Nilimuuliza habari zake, akasema, "Goti gani?"

Nimetafuta katika jedwali langu mahali pa kuliweka goti la Mama. Hakuna safu. Majaji, pamoja na elimu yao, hawakuona tundu lolote katika kazi yangu, na Bihogo ameingiza pembe mle ndani hajamaliza hata miezi miwili. Nauona huu kuwa utovu wa adabu kwa mnyama aliyepokelewa vizuri.

Kwa sababu hizo zote, Mjomba, naleta kwako maombi yafuatayo.

Ombi la kwanza ni kwamba umchukue Bihogo. Najua utasema ng'ombe aliyetolewa harudishwi, ni kumtukana aliyetoa. Nimelifikiria hilo. Ndiyo maana ninalo ombi la pili: Jumapili yoyote unayoitaka, njoo hapa Gitega na mashahidi wako, simama uani, uongee juu ya ng'ombe kwa muda mrefu bila kuomba kitu. Ongea tu. Mimi nitafuta macho, nitasimama, nitasema inatosha Mjomba, nimekusikia, nakupa Bihogo. Makofi yatapigwa, heshima itabaki, nawe utaondoka naye kupitia jikoni kwa Athanasie.

Kama hilo nalo ni gumu, nina njia ya tatu, ambayo ni ya kitaalamu zaidi. Desturi inasema ndama jike wa kwanza hurudi kwa mwenye kutoa. Ndiyo kwitura, shukrani ya aliyepewa. Sioni pahali popote desturi inaposema shukrani isiwahi. Kwa hiyo nina heshima ya kupendekeza kwamba Bihogo ahesabiwe kuwa ndama wake mwenyewe, arudi kwako leo kama mtoto, na yule mtoto atakapozaliwa huko ahesabiwe kuwa Bihogo. Nimelichora pendekezo hili kwenye karatasi likakaa sawa kabisa. Hakizimana amelitazama, akasema anaumwa na kichwa.

Mjomba, nimetania vya kutosha, sasa niseme kweli kidogo. Naogopa. Nikibaki, naogopa watasema yule alivuka bahari kusomea udaktari, akarudi kukata majani. Nikienda, naogopa zaidi, kwa kuwa kule hakuna atakayesema kitu. Uliponipeleka Morogoro kwa masomo yangu ya kwanza uliliegesha lori nje ya lango la chuo, na kesho yake asubuhi nilipochungulia dirishani lilikuwa bado lipo. Nilipotoka kukuuliza, ulisema injini ilikuwa inapoa. Nilicheka mwaka mzima kwa ile injini. Kule Ubelgiji nilikaa miaka mingi, Mjomba, na hakuna mtu ambaye injini yake iliwahi kupoa kwa ajili yangu. Nilikuwa nimelisahau hilo hadi nilipokuwa natafuta neno la kukulaumu.

Hayo ya mwisho hayamo katika malalamiko, naomba uyafute. Msimamo wangu ni ule wa mwanzo: ng'ombe aondoke, nipate kimya changu, nimjibu Profesa ndiyo, na kila mtu arudi alipokuwa. Nangoja wachungaji wako kabla ya tarehe thelathini. Waambie waje na kamba ndefu na moyo mgumu, kwa sababu Athanasie atawazuia.

Nisalimie Shangazi, umwambie ile blauzi imemkaa Mama vizuri. Nisalimie mafundi wote wa gereji, na yule wa kuchomelea anayeniita Profesa ili kuniudhi. Nisalimie padri, ingawa alipiga makofi. Nisalimie lori lenyewe, huko lilikolala juu ya matofali. Mama anakusalimu, Athanasie anakusalimu, Hakizimana anakusalimu na kuuliza kama una ng'ombe mwingine. Bihogo anasimama tu, lakini nikitaja jina lako anageuza sikio, kwa hiyo mhesabu naye.

Nabaki kuwa mpwa wako mtiifu, asiyeshukuru lakini mwenye heshima zote,

Dk. Viateur Niyonzima

Baada ya sahihi:

Nilikuwa nimetoka kununua bahasha. Niliporudi kichochoro kilikuwa kimejaa watu, na mzee wa kiti alikuwa amesimama juu ya kiti. Bihogo amezaa. Ni ndama jike, mwekundu pande zote mbili. Nilimpokea kwa koti la suti, lile lile nililovaa mbele ya majaji, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu, na Mama anasema halijawahi kunikaa vizuri kama leo.

Katika vurugu zile kulikuwa na mtu aliyekuwa akipiga kelele bila haya: "Yampaye inka Rutayisire! Yampaye inka Rutayisire!" Nilimuuliza Athanasie ni nani huyo mlevi saa nne asubuhi. Akaniambia ni mimi. Mama amekaa chini, analia na kucheka, na gudulia lilishashuka kutoka juu ya kitabu kwa ajili ya dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya njano, ambayo watoto wote wa mtaa wamepanga foleni kuyanywa.

Ile bahasha nimemtumia Profesa. Nimemwandikia kwamba sitaweza kuja kwa sababu tumepata uzazi nyumbani. Atadhani nimeoa. Nimemwambia pia kwamba sura ya saba inahitaji safu mpya, nami nabaki huku kuitafuta. Kwa hiyo barua hii inakufikia imekunjwa tu, kwa mkono wa Hakizimana, ambaye ameomba mwenyewe kuileta ili awe wa kwanza kukupa habari. Wale wachungaji usiwatume.

Kuhusu ndama, najua ni wako. Desturi ni desturi, na mimi si mtu wa kubishana nayo. Lakini hebu tuzungumze kidogo tu juu ya ng'ombe. Ng'ombe ni kitu kizuri, Mjomba. Ndama aliyezaliwa leo ana miguu mirefu asiyoiamini bado. Mama yake anaanza kumlamba masikioni, halafu machoni, na yeye anayumba kila anapolambwa. Ukimtenga na mama yake, mama analia, na hapa Gitega akilia mmoja tunaamka wote. Nimesikia kwamba upande wa Gatsata yupo mzee mmoja mwenye ng'ombe kule Shyorongi, mwenye mkono mpana, ambaye leo asubuhi jina lake limetajwa hadi barabarani. Nimesikia pia kwamba mtu wa namna hiyo haoni shida ndama mdogo akikaa kwa mpwa wake, karibu na mama, akikua taratibu.

Siombi kitu, Mjomba. Naongea tu juu ya ng'ombe, na kama unavyojua, naweza kuendelea kwa kurasa mia nne.